NGUVU ZA BODI YA MAZIWA: MAMBO YAMPASAYO MFUGAJI MDOGO KUYAJUA

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa mmoja, wawili au watano, auzaye lita chache kila siku, na kwa fedha hizo hulipa karo ya watoto na kununua mahitaji ya nyumbani. Mtu kama huyu husikia mara kwa mara ya kwamba Bodi ya Maziwa yataka kuongezewa nguvu za kisheria. Wengine hufurahi wakidhani kwamba bei itapanda. Wengine huogopa wakidhani kwamba watakatazwa kuuza. Mara nyingi hawa wote hawajapata kuelezwa nguvu hizo ni zipi.

Kusudi la somo hili ni kueleza nguvu za bodi zilitoka wapi, zapasa kuenea mpaka wapi, na mkulima afanye nini ili zimsaidie wala zisimwumize. Mfano wetu ni nchi ya Kenya, ambayo bodi yake ina historia ndefu. Lakini mafundisho yake yawafaa hata wakulima wa Uganda, ambayo ilitunga sheria yake ya maziwa mwaka 1998, na wa Tanzania, ambayo ilitunga yake mwaka 2004.

1. BODI ILITOKA WAPI

Mwaka 1925 walowezi wa Kizungu nchini Kenya walianzisha chama cha ushirika cha kuuza siagi na maziwa, Kenya Co-operative Creameries, kilichojulikana kwa kifupi kama KCC. Soko la mijini lilikuwa lao, na Mwafrika mwenye ng'ombe hakuwa na nafasi ndani yake. Mambo yalianza kugeuka baada ya mwaka 1954, ulipotolewa Mpango wa Swynnerton, uliowafungulia wakulima Waafrika njia ya kupata hati za mashamba, kulima mazao ya biashara na kufuga ng'ombe wa kizungu. Mwaka 1958 ikatungwa Sheria ya Maziwa, na kwa sheria hiyo ikaundwa Bodi ya Maziwa ya Kenya.

Kazi iliyopewa Bodi ni kutengeneza na kuongoza mambo yote ya maziwa, tangu kukamuliwa hata kumfikia mnywaji. Kuinua hali ya maziwa. Na kumtafutia mkulima bei ya haki isiyopanda na kushuka ovyo. Hizo ni kazi njema. Lakini kwa miaka mingi maziwa ya mijini yalipitia KCC, na mtu aliyeingiza maziwa mabichi mjini kwa kuuza alihesabiwa kuwa mvunja sheria. Mwaka 1992 Serikali ililegeza mambo hayo, na makampuni mengine yakaingia. KCC ikadhoofika, ikauzwa mwaka 2000, na Serikali ikaichukua tena mwaka 2003. Katika miaka hiyo ya mashaka, wachuuzi wenye baiskeli ndio waliobeba sehemu kubwa ya maziwa ya wakulima wadogo mpaka mlangoni kwa wanunuzi.

Basi angalia jambo hili. Sheria kabla ya 1992 na baada yake ilikuwa ile ile ya 1958. Kilichogeuka ni jinsi nguvu zake zilivyotumiwa. Kwa hiyo usipate kuuliza tu, "Sheria yasemaje?" Uliza pia, "Itatumiwaje, na juu ya nani?"

2. NGAZI NNE ZA NGUVU

Nguvu za bodi ya maziwa ni kama ngazi yenye vipago vinne. Kila kipago ni kizito kuliko kile kilicho chini yake.

Kipago cha kwanza ni kufundisha na kutangaza. Bodi huwafundisha wakulima na wachuuzi, na kuwahimiza watu wanywe maziwa. Nguvu hii haimlazimishi mtu, na ni vigumu kuona ubaya wake.

Kipago cha pili ni kuandikisha, kutoa leseni na kukagua. Hapa Bodi yaweza kumwambia mtu, "Wewe uza," na mwingine, "Wewe usiuze, mpaka utimize masharti." Nguvu hii ni kisu: hukata nyama, na pia hukata kidole.

Kipago cha tatu ni kutoza ushuru, ili kazi za Bodi zipate fedha. Sheria ya Kenya yaruhusu jambo hili.

Kipago cha nne ni kuamuru bei, au kuamuru maziwa yapite njia moja tu. Uingereza ilifika huko mwaka 1933, ilipoanzisha bodi iliyonunua maziwa yote ya wafugaji wa England na Wales na kuwalipa kutoka katika mfuko mmoja. Bodi ile ilidumu hata mwaka 1994. Lakini kumbuka kwamba haikuanza mpaka wafugaji wenyewe walipopiga kura kuikubali. Nguvu kubwa namna ile ilitoka mikononi mwa watu waliokuwa wakiuza maziwa.

Basi ukisikia kwamba Bodi yaongezewa nguvu, swali lako la kwanza liwe: ni kipago kipi? Mtu ashangiliaye vyote kwa pamoja, na mtu akataaye vyote kwa pamoja, wote wawili hawajaitazama ngazi.

3. MAHALI AMBAPO SUFURIA HAIFIKI

Kwa nini maziwa yawe na sheria yake, na viazi visiwe nayo? Sababu ni kwamba maziwa huharibika upesi, na ubaya wake mara nyingi hauonekani kwa macho.

Tuseme kijidudu kimoja kimeingia katika maziwa ya vuguvugu, nacho hugawanyika kuwa viwili kila nusu saa. Baada ya saa 6 vitakuwa 4,096. Ndiyo maana maziwa yapasa kupozwa mara yanapokamuliwa, na kwenye kituo hupozwa mpaka digrii 4. Kiwandani huchemshwa kwa kipimo: digrii 63 kwa dakika 30, au digrii 72 kwa nukta 15.

Nyumbani mama hufanya kazi hiyo kwa sufuria. Nyumba nyingi za Kenya huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na maziwa yaliyofurika kwa kuchemka huwa yameua vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba. Hatari hubaki kwa wale wanaogandisha maziwa bila kuyachemsha kwanza. Hao yapasa wafundishwe.

Lakini yako mambo ambayo sufuria haiyawezi.

(a) Dawa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akitibiwa, dawa hutoka ndani ya maziwa yake kwa siku kadhaa. Kuchemsha hakuiondoi.

(b) Sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini. Ng'ombe akilishwa mahindi au vyakula vilivyoota ukungu, sumu hupita mwilini mwake na kuingia katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi.

(c) Dawa za kuzuia maziwa yasichache, ambazo watu wasio waaminifu huzitia kwa siri.

(d) Maji. Maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi katika kipimo. Maji machafu huleta vijidudu, na hata yakiwa safi ni wizi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Mahali ambapo mnywaji aweza kujikinga mwenyewe kwa sufuria yake, sheria yapasa kutembea polepole, ikitanguliwa na mafunzo. Mahali ambapo mnywaji hawezi kujikinga, hapo Bodi yapasa kuwa na nguvu kamili: kupima, kukataa, kufuatilia maziwa mpaka boma yalikotoka, na kumshitaki adanganyaye. Mkulima mwema asiogope nguvu za namna hii, kwa maana zamlinda yeye pia. Maziwa ya watu wengi humiminwa katika tangi moja. Samaki mmoja akioza wote huoza. Na jirani akileta maziwa yenye dawa, tangi zima humwagwa, pamoja na maziwa yako.

4. YALIYOTUKIA MWAKA 2019 NA 2021

Hukumu hiyo si ya kubuni tu. Imekwisha kujaribiwa.

Tangu miaka ya karibu na 2004 Bodi ya Kenya ilianza kushika njia ya kuwafundisha wachuuzi wadogo na kuwapa leseni, badala ya kuwafukuza tu. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walikuwa wameona ya kwamba mchuuzi aliyefundishwa, mwenye mkebe wa alumini badala ya mtungi wa plastiki, naye ajua kupima maziwa, huleta maziwa yaliyo bora. Mkebe wa alumini una mdomo mpana. Mkono huingia ukasugua mpaka chini. Mtungi wa plastiki hauruhusu hivyo, na mikwaruzo yake huficha uchafu.

Kisha mwaka 2019 ikatolewa rasimu ya kanuni mpya. Ndani yake yalikuwamo masharti mazito ya leseni na adhabu, na wakulima wengi waliyaelewa kuwa yangewazuia kumwuzia jirani maziwa mabichi. Watu walilalamika nchi nzima, na rasimu ikaondolewa. Mwaka 2021 zikatangazwa kanuni nyingine, zilizogawanywa kwa mafungu: kuandikisha na kutoa leseni, usalama wa maziwa, kufuatilia maziwa na kuyarudisha yakionekana mabaya, bei, ushuru na mengineyo.

Tujifunze nini? Kwanza, sauti ya wakulima ina uzito. Pili, malalamiko peke yake hayatoshi. Kuondolewa kwa rasimu ya 2019 hakukuondoa dawa katika maziwa ya mtu ye yote, wala ukungu katika ghala la mtu ye yote. Anayekataa sharti baya yampasa kuonyesha sharti jema la kuwekwa mahali pake.

5. HESABU YA USHURU NA HESABU YA MLANGO

Wakulima wengi hugombana juu ya ushuru, kwa sababu ushuru huonekana katika karatasi ya malipo. Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka zako mwenyewe mahali pake.

Tuseme wauza lita 9 kwa siku, na kituo chakulipa shilingi 45 kwa lita. Tuseme ushuru ni senti 40 kwa lita. Kwa siku utatoa shilingi 3 na senti 60, na kwa siku 30 utatoa shilingi 108.

Sasa tuseme maziwa yako ya siku moja yamekataliwa kwa kuwa yamechacha. Umepoteza lita 9 kwa shilingi 45, yaani shilingi 405. Hasara ya siku moja yakaribia ushuru wa miezi minne. Basi ushuru uletao mafunzo na vifaa vya kupozea waweza kujilipa wenyewe. Ushuru uishiao katika magari na ofisi ni hasara, hata ukiwa senti 10.

Lakini iko hesabu ya tatu. Tuseme jirani zako hununua kwako kwa shilingi 60 kwa lita, wakachemsha wenyewe. Ukikatazwa kuwauzia, ukalazimika kupeleka yote kituoni kwa shilingi 45, utapoteza shilingi 15 kwa kila lita, yaani shilingi 135 kwa siku, na shilingi 4,050 kwa siku 30. Hasara hiyo ni zaidi ya mara 37 ya ushuru ule. Nao jirani zako watanunua kwa bei ya dukani au watoto wao watakosa maziwa.

Kwa hiyo usitumie nguvu zako zote kupigana na senti 40, huku mlango wa soko wafungwa nyuma yako. Soma kwanza masharti ya mlango.

6. MASWALI YA KUULIZA JUU YA KILA SHARTI JIPYA

Rasimu ya sheria ikisomwa mbele yenu, shikeni kila sharti na kuliuliza maswali haya matano.

Kwanza: Lazuia hatari gani? Kama hatari haitajwi, sharti halina mguu wa kusimamia.

Pili: Mtu wa lita 9 aweza kulitimiza? Sharti la mkebe safi aweza. Sharti la mashine ya kupozea hawezi peke yake, bali chama chake chaweza.

Tatu: Leseni ngapi, na kwa nani? Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kazi nyingi za kilimo na ufugaji zi mikononi mwa serikali za kaunti. Haifai mtu mmoja alipe kwa Bodi na kwa kaunti kwa ukaguzi ule ule.

Nne: Ni nani aketiye katika Bodi kwa niaba ya mfugaji mdogo, naye alichaguliwa na nani?

Tano: Mtu akionewa na mkaguzi, atakata rufani wapi, na kwa muda gani? Maziwa hayangoji hukumu ya mwezi ujao. Sheria ya haki yampa mkulima sehemu ya maziwa yaliyopimwa, ili yapimwe mara ya pili na mtu mwingine.

Wala usiseme, "Mimi ni nani hata nisikiwe?" Nchini Kenya, Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe katika kutunga sheria. Sheria ya mwaka 2013 ihusuyo kanuni zitungwazo chini ya sheria za Bunge yataka wale watakaoguswa waulizwe maoni, na gharama za kanuni zipimwe mapema. Kanuni zikiisha kutangazwa hupelekwa Bungeni, na Bunge laweza kuzifuta. Milango hiyo i wazi, lakini asiyekuwapo na lake halipo. Barua moja ya chama, yenye sahihi za watu 80 na hesabu iliyo safi, ina nguvu kuliko kelele za siku nzima sokoni.

7. KAZI YA MKULIMA MWENYEWE

Hatuwezi kuitaka Bodi iwe ya haki na sisi wenyewe tu wachafu. Sheria yo yote itakayotungwa, mambo haya hayatabadilika.

(a) Nawa mikono, osha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kikaushe kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake.

(b) Kamua matone ya kwanza katika kikombe cheusi. Ukiona mabonge au damu, maziwa hayo yatenge.

(c) Ng'ombe akitiwa dawa, soma siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chupa. Kama hujui kusoma, mwulize mganga wa mifugo kabla hajaondoka. Siku hizo zisipokwisha, maziwa yasiuzwe wala yasinywewe.

(d) Weka chakula cha ng'ombe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Kilichoota ukungu usikilishe.

(e) Chuja, funika, weka kivulini au ndani ya maji baridi, na peleka upesi.

(f) Uwe na daftari. Andika tarehe, lita ulizokamua, ulizouza na kwa nani, na dawa uliyotia ng'ombe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku maziwa mabaya yatakapofuatiliwa, mwenye daftari ataonyesha kwamba ng'ombe wake hakutiwa dawa. Asiye nalo hatakuwa na neno la kujibu.

(g) Ingia katika chama. Mtu mmoja mwenye lita 9 haulizwi maoni. Watu 200 wenye lita 9 wana lita 1,800 kila siku, na mwenye lita 1,800 huitwa mkutanoni akapewa kiti.

8. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WA CHAMA

Mwenye kusoma na awasomee wengine, kisha mjibu pamoja.

1. Katika kijiji chetu, ni maziwa mangapi yauzwayo kwa jirani, na mangapi yapelekwayo kituoni? Kila mtu alete hesabu ya daftari lake.

2. Ni hatari zipi katika maziwa yetu ambazo sufuria haiziondoi? Je, chama chetu kina kifaa cha kuzipima?

3. Bodi ikitaka kuongezewa nguvu, ni vipago vipi vya ngazi tutakavyokubali, na kwa masharti gani?

4. Ni nani kati yetu atakayeandika barua ya chama, na ni nani atakayeipeleka kwa mkono wake?

Msiondoke mpaka swali la nne limejibiwa kwa jina la mtu na kwa tarehe.